Michael Faraday, mshona vitabu aliyeigeuza dhahabu kuwa nyekundu

Kama umewahi kupimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka cha plastiki, basi umewahi kuitazama dhahabu ukidhani ni wino. Ule mstari mwekundu unaojichora polepole huku moyo ukikudunda umetengenezwa kwa dhahabu. Nazungumzia dhahabu yenyewe, ile ya pete na mkufu.

Nilijua hivyo nikiwa kwenye benchi la zahanati moja hapa Litein. Nilikuwa nimempeleka kogo, yaani nyanya yangu, aliyekuwa ameenda Kisumu kumwona shangazi na homa ikamfuata hadi nyumbani. Milima yetu ya chai ina baridi, lakini wazee wa Kericho wanakumbuka nyakati malaria ilipopanda mpaka huku na kulaza watu mashambani, kwa hivyo homa hapa haipuuzwi. Muuguzi akamchoma kidole, akaweka tone la damu, akaongeza matone ya dawa, akatuambia tungoje kama dakika 15. Ukatokea mstari mmoja tu, ule wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Hakuwa na malaria. Kogo akauliza kama ule wekundu ni damu yake. Muuguzi akasema hapana, ile ni rangi iliyowekwa kiwandani. Rangi gani? Hapo wote wawili wakanitazama mimi, mtu wa Nairobi niliyesomea kemia. Mimi nikaitazama sakafu.

Nikatoa simu, nikasaka. Dhahabu. Nilipomwambia kogo alicheka mpaka akakohoa, kisha akataka arudishiwe kipimo chake aende nacho nyumbani.

Usiku huo nikaendelea kuifuata hiyo dhahabu nyekundu, nikatokea kwa mtu unayemjua vizuri. Kama ulifanya KCSE ukiwa na kemia au fizikia, ulikariri sheria zake: za kupitisha umeme kwenye myeyusho, na za sumaku inayoingia na kutoka ndani ya koili. Michael Faraday. Sheria zake umeshazisoma. Leo naomba usome maisha yake.

Na nikuambie mapema kwa nini. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikaanza kukosa mihula, na mwishowe nikaacha kurudi. Tangu hapo watu wanaonipenda wananitumia zile orodha za watu wakubwa ambao hawakumaliza shule. Faraday hakosi humo. Kwa muda mrefu zilinifariji, bana. Mpaka nilipokaa chini nikayasoma maisha yake vizuri.

Mkate mmoja kwa wiki nzima

Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791, kusini mwa London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi, mtu wa kupiga chuma na kuwatia farasi viatu, lakini mwili wake ulikuwa dhaifu na siku nyingi hakuweza kufanya kazi. Mwaka 1801 bei ya chakula ilipopaa, Michael alipewa mkate mmoja uliopaswa kumtosha wiki nzima. Alikuwa na miaka tisa.

Shule aliyopata ilikuwa ya kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Akiwa na miaka 13 alianza kutumwa na bwana mmoja mwenye duka la vitabu mtaa wa Blandford, George Riebau, kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba. Siku hizo gazeti lilikodishwa, kwa hivyo kijana alipeleka, akangoja lisomwe, akalichukua na kulipeleka kwa mwingine. Mwaka 1805 Riebau akamchukua kuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, yaani kushona kurasa na kuzitia jalada. Miaka saba. Kwa kawaida wazazi walimlipa fundi ili amfunze mtoto wao, lakini Riebau hakudai kitu.

Sasa fikiria mtoto mwenye njaa ya kujua mambo, amewekwa mahali ambapo kazi yake ni kushika vitabu kutwa. Alisoma makala ya umeme kwenye ensaiklopidia aliyoletewa aishone. Alisoma kitabu cha kemia cha Jane Marcet, mwanamke aliyeandika kwa lugha ya kawaida kwa wasomaji ambao hawangekanyaga chuo kikuu. Alijaribu majaribio aliyosoma, yale aliyoweza kuyamudu kwa senti alizokuwa nazo. Riebau alimwacha afanye. Kuna waajiri wangapi unaowajua ambao wangekuacha usome mali ya mteja saa za kazi?

Shilingi ya kaka

Mwaka 1810 Faraday aliona tangazo la mihadhara ya jioni ya sayansi, nyumbani kwa bwana John Tatum. Kiingilio kilikuwa shilingi moja kila jioni. Hakuwa nayo. Kaka yake Robert, aliyekuwa ameingia kazi ya baba ya uhunzi, akawa anamlipia. Hapa nilisimama kusoma kidogo. Kila familia ninayoijua hapa Litein ina Robert wake: ndugu anayechuna majani chai au kuendesha boda ili mwingine akae darasani. Jina la Robert haliko kwenye kitabu chochote cha Fomu Foo.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka, William Dance, alimpa Michael tiketi za kumsikiliza Humphry Davy katika Royal Institution. Davy alikuwa staa wa kemia wa wakati ule. Faraday alienda mara nne, akaandika kila kitu, akachora vifaa vyote, na nyumbani akaandika upya kwa mkono safi. Halafu akafanya kile alichojua kufanya kuliko wote waliokuwa ukumbini. Akazijalidi kurasa hizo, kama 300, zikawa kitabu. Desemba akamtumia Davy mwenyewe.

Davy alifurahi, akamwita, akamwambia hakuna nafasi na kwamba angefanya vyema kubaki na kazi yake ya vitabu. Ingeishia hapo. Lakini Februari 1813 msaidizi wa maabara alipigana na mwenzake, akafutwa. Nafasi ikawa wazi. Machi 1, 1813 Faraday akaandikwa kazi kwa shilingi 25 kwa wiki, vyumba viwili juu ya jengo, makaa na mishumaa.

Baadaye mwaka huo Davy alisafiri Ulaya naye, Ufaransa na Italia, safari ya mwaka mmoja na nusu. Mtumishi wa Davy alikataa kwenda, kwa hivyo Faraday, aliyepelekwa kama msaidizi wa sayansi, akajikuta pia akifanya kazi za utumishi, na mke wa Davy hakumruhusu asahau daraja lake. Alivumilia. Njiani aliwaona Ampère na Volta kwa macho yake. Hicho ndicho chuo chake kikuu.

Nyembe za metali mbili

Yale makubwa uliyafanyia mtihani, kwa hivyo nitayapita mbio. Mwaka 1821 alifanya waya wenye umeme uzunguke sumaku, babu wa mota zote. Mwaka 1831 alitoa umeme kutokana na sumaku, na hapo ndipo majenereta yote yanapotokea, yakiwemo yale yanayoleta stima inayozungusha mashine za kiwanda cha chai hapa kwetu.

Ninalotaka tukae nalo ni lile lisilotajwa darasani. Mwana wa mhunzi hakuacha metali.

Kati ya 1818 na 1822 Faraday alifanya kazi na James Stodart, fundi wa visu na vifaa vya upasuaji. Walitaka feleji bora, yaani chuma cha pua kisichopoteza makali wala kushika kutu haraka. Wakaanza kuchanganya: feleji na platinamu, feleji na rodiamu, feleji na fedha. Marafiki walipewa nyembe za kunyolea zilizotengenezwa kwa mchanganyiko huo.

Fedha iliwasumbua. Ikiwa moto mkali ilionekana kukubali, lakini chuma kilipopoa fedha ilijitenga, ikatoka kama vitone na nyuzi. Walipopunguza hadi sehemu 1 ya fedha kwa 500 za feleji ndipo walipata kitu kizuri. Maana yake ni kwamba kuna metali ambazo, ukizichukua kwa wingi wa kawaida, hazitaki kukaa pamoja. Tulishike hilo, tutalirudia.

Stodart alikufa 1823 na kazi ikakoma. Vipande vyao vilibaki vimehifadhiwa, na zaidi ya miaka 100 baadaye mtaalamu wa vyuma Robert Hadfield akavichunguza upya, vikionyesha jinsi mtu huyu alivyokuwa ametangulia.

Mwaka 1834 alirudi kwa platinamu. Alionyesha kwamba bati safi la platinamu, likiwekwa ndani ya mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni, huzifanya gesi hizo ziungane kuwa maji bila kiberiti, na platinamu yenyewe haipungui. Faraday aliona kwamba kazi inafanyika usoni pa metali, kwenye ngozi yake, na kwamba uchafu kidogo tu huiua.

Mtu wa Litein anaelewa ngozi kuliko anavyodhani. Chukua chai yetu ya kiwandani, ile ya CTC iliyosagwa na kuviringwa kuwa chembe ndogo. Ukiitia kwenye maji moto inatoa rangi papo hapo. Ukichemsha jani zima lililokauka utangoja. Jani ni lile lile, lakini ukilivunjavunja, sehemu kubwa zaidi inakutana na maji. Metali nayo ni hivyo. Ukiivunja ikawa chembe ndogo, atomu nyingi zaidi zinajikuta nje, kwenye ngozi, mahali pa kazi. Ndiyo sababu ndani ya kile kifaa cha kusafishia moshi kwenye ekzosi ya gari kuna platinamu, paladiamu na rodiamu zilizosambazwa kama chembe ndogo mno, na pia ndiyo sababu wezi wanakipenda.

Dhahabu nyekundu

Twende 1856. Faraday sasa ana miaka 64. Ni mtu mkubwa Uingereza nzima. Amekataa kuitwa Sir. Ameshakataa mara moja kuwa rais wa Royal Society, na baada ya miaka miwili atakataa tena. Watoto wa London wanamjua kwa mihadhara ya Krismasi. Lakini kichwa kinamsaliti. Kwa zaidi ya miaka 15 amekuwa akipoteza kumbukumbu, anasahau majaribio aliyoyafanya wiki zilizopita. Anajiokoa kwa daftari. Aya za daftari lake la maabara alizipa namba, na mpaka mwisho zilifika 16041.

Katika hali hiyo akaanza utafiti mpya kabisa, na kuufanya kwa karibu mwaka mzima: mwanga hufanya nini unapokutana na metali iliyogawanywa ikawa ndogo sana?

Alianza na dhahabu iliyopondwa ikawa karatasi nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Ukiitazama juu ni njano, ukiishika kwenye dirisha mwanga unaopita ni wa kijani. Kisha akachukua chumvi ya dhahabu ndani ya maji na kuitoa dhahabu humo kwa fosforasi. Maji yakawa mekundu kama rubi. Yalikuwa maangavu, mtu angeapa ni juisi. Faraday alielekeza miale ya mwanga ndani ya chupa, na njia ya mwanga ikaonekana, kama unavyoiona miale ya jua jikoni kwenye moshi. Hapo akajua kuna chembe ndani, ndogo mno kuonekana kwa darubini yoyote ya siku zile. Akasema hiyo ni dhahabu ya metali, iliyogawanyika tu, na kwamba rangi inabadilika kwa sababu ya ukubwa wa chembe.

Kisha akatia chumvi kidogo ya mezani. Wekundu ukageuka buluu. Akajaribu tena akiwa ametangulia kutia jeli, na jeli ikaulinda wekundu.

Leo tunajua kilichotokea. Chembe zile zina chaji na zinasukumana, hivyo hazigusani. Chumvi inaizima ile nguvu ya kusukumana, chembe zinashikana, na rangi inahama. Jeli inazivisha koti. Sasa rudi kwenye benchi la zahanati. Damu ya kogo ina chumvi. Dawa ya kipimo ina chumvi. Kwa nini mstari wake haukuwa buluu? Kwa sababu kiwandani kila chembe ya dhahabu imevishwa koti la protini, na protini hizo hizo ndizo zinazomtafuta mdudu wa malaria. Lile koti ni jibu la swali ambalo mzee mwenye kumbukumbu mbovu alilijaribu London kabla babu ya babu yako hajazaliwa.

Alisoma kazi hiyo mbele ya Royal Society Februari 5, 1857. Mwenyewe hakuona kwamba amepata kitu kikubwa. Miaka 51 ilipita kabla Mjerumani Gustav Mie, mwaka 1908, hajatoa hesabu kamili ya kwa nini chembe za dhahabu zina rangi ile. Chupa za Faraday bado ziko Royal Institution. Bado nyekundu.

Ngazi badala ya mteremko

Sasa hapa ndipo kemia niliyoiacha nusu inaponiuma, kwa hivyo nivumilie.

Chembe za Faraday zilikuwa na upana wa nanomita chache, na nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Ndogo, ndiyo, lakini chembe moja bado ina maelfu ya atomu. Je, ukiendelea kupunguza mpaka zibaki atomu 40, 20, au 8? Hivyo tuviite vishada vya atomu.

Katika kipande kikubwa cha metali, elektroni zina viwango vya nishati vingi sana vilivyobanana, mpaka ni kama mteremko: elektroni inaweza kusimama popote. Ndiyo maana metali inapitisha umeme kirahisi. Katika kishada kidogo mteremko unageuka ngazi. Kuna vidato na kuna mapengo, na elektroni haiwezi kusimama katikati. Rangi, uwezo wa kupitisha umeme, hamu ya kuungana na gesi, vyote vinaamuliwa na pengo kati ya kidato cha mwisho chenye elektroni na cha kwanza kilicho tupu. Kishada chenye pengo kubwa kimetulia, hakitaki fujo na jirani.

Mwaka 1984 kikundi cha Walter Knight huko Berkeley, Marekani, kilitengeneza vishada vya sodiamu na kuvihesabu. Vingi zaidi vilikuwa vya atomu 8, 20, 40. Unakumbuka 2, 8, 8 ya Fomu Wani? Kwa nini neoni haina shida na mtu? Kwa sababu nyumba yake imejaa. Vishada vilikuwa vinafanya vivyo hivyo. Kila atomu ya sodiamu inachanga elektroni moja kwenye kapu la pamoja, na kapu likijaa sawasawa, kishada kizima kinatulia kama atomu moja kubwa.

Sasa ongeza metali ya pili. Hapa hesabu ni ya mtoto wa darasa la tatu. Chukua dhahabu 12, kila moja ichange elektroni 1. Katikati weka atomu moja ya tungsteni, ile ya waya wa balbu za zamani, ichange 6. Jumla 18, nayo ni namba nyingine ya nyumba iliyojaa. Isitoshe, kwa umbo, atomu 12 zinaweza kuizunguka moja sawasawa bila kuacha shimo. Mwaka 2002 Pekka Pyykkö na Nino Runeberg wa Finland walikokotoa kwamba kishada hicho kingesimama imara, wakachapisha. Mwaka huo huo watafiti Marekani walikitengeneza, kikapatikana.

Na hapa ndipo nilipokumbuka nyembe za Stodart. Dhahabu na tungsteni kwa wingi wa kawaida hazichanganyiki, kama fedha ilivyokataa kukaa na chuma cha Faraday. Lakini atomu 13 zinakaa. Kitu kidogo kina sheria zake. Huwezi kuchukua tabia ya kipande kikubwa, ukaigawanya, ukadhani umejua tabia ya kidogo. Faraday aligusa ncha zote mbili za jambo hili, metali mbili pamoja akiwa kijana na metali ndogo akiwa mzee, na hakuishi kuona zikikutana.

Kile ambacho orodha hazisemi

Faraday alikufa Agosti 25, 1867, ameketi kwenye kiti chake katika nyumba aliyopewa na Malkia Victoria karibu na kasri la Hampton Court. Alizikwa makaburi ya Highgate, kimya kimya, kama alivyotaka.

Basi, turudi kwa zile orodha. Ni kweli hakumaliza shule. Lakini hesabu waliobeba mzigo: Riebau ambaye hakudai ada na akamwacha asome, Marcet aliyeandika kwa lugha nyepesi, Robert na shilingi yake, Dance na tiketi zake, hata yule msaidizi mgomvi aliyefutwa kazi kwa wakati mwafaka. Ondoa mmoja wao na pengine London ingebaki na mshona vitabu hodari, basi. Ukimtumia kijana wa Litein orodha ile bila kumtumia pia maktaba, shilingi na mlango, umemtumia hadithi tupu.

Na kuna lingine lililonichoma zaidi. Hisabati. Faraday hakuwahi kuipata. Aliona mistari ya nguvu ya sumaku kwa jicho la akili kuliko mtu yeyote, lakini hakuweza kuiandika kwa milinganyo. Aliyekuja kuiandika ni James Clerk Maxwell, kijana aliyepita Edinburgh na Cambridge. Mwaka ule ule wa dhahabu, 1857, Faraday alimwandikia Maxwell akimwomba kwa upole kwamba wanahisabati wakishapata majibu yao, wayaeleze pia kwa lugha ya kawaida ili watu kama yeye wayafanyie kazi. Mtu aliyewapa dunia jenereta alikuwa amesimama nje ya dirisha la fani yake mwenyewe, akiomba apokezwe.

Sisemi haya kumpunguza. Nasema pengo la shule lilikuwepo mpaka mwisho, alilizunguka kwa kazi, na lilimgharimu.

Elimu ya vishada inapita kwenye mlango ule ule wa hisabati. Hizi hesabu za elektroni hufanywa kwa kompyuta, kwa njia iliyompa Walter Kohn Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998. Habari njema ni kwamba baadhi ya programu zake, kama Quantum ESPRESSO, ni za bure, unazipakua tu. Na usifikiri mambo haya ni ya Finland peke yake: mwaka 2012 mafunzo ya Afrika ya hesabu za namna hii yalifanyika hapo Eldoret, safari ya saa chache kwa matatu kutoka Litein. Kipatikane kishada cha metali mbili kinachofanya kazi ya platinamu kwa bei ya shaba na nikeli, gari zetu zitapumua vizuri zaidi na wezi watakosa kazi. Hiyo kazi inaweza kuanzia kwenye laptopu. Ila sharti ujue unachokikokotoa.

Mimi nimepakua ile programu. Imekaa kwenye laptopu wiki tatu sasa, na kila nikifungua maelezo yake nakwama ukurasa ule ule, palipoandikwa mlinganyo ambao mhadhiri alikuwa auelezee muhula nilioukosa. Kwa hivyo nimeandika barua ya kuomba kurudi chuoni. Sijui watasema nini. Karo bado ni ile ile, na kogo ameahidi kwamba bonasi ya chai ikija mwaka huu, atanikatia sehemu. Amesema ni mkopo, na anataka alipwe kwa dhahabu ya kipimo.

Na wewe uliyeacha, au unayefikiria kuacha: usiniulize kama Faraday alifaulu bila chuo. Niulize ana Robert wangapi. Halafu uhesabu wako.